Sakitu bawani, maji kwenye mafuta: rubani wa Njombe alikuwa anatafuta nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi hapa Njombe. Mwezi wa saba tulisafiri na timu ya huduma ya macho kwa ndege ndogo, Cessna ya viti sita. Tulifika kiwanjani saa moja asubuhi tukitetemeka kwa baridi, tukaja kuruka karibu saa tatu. Rubani alipanda ngazi akapapasa mabawa kwa kiganja, akasema tungoje jua. Akachota mafuta kwenye chupa mara kadhaa, akayatazama, akayamwaga. Akatupandisha kwenye mizani mmoja mmoja na mikoba yetu, kisha akashusha maboksi mawili ya miwani. Tulipofika mwisho wa kiwanja akasimama tena, akaingurumisha injini mpaka ndege yote ikatikisika, na mlio ukashuka mara mbili. Moyo ulinipasuka. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba ndege ni mbovu. Je, ilikuwa mbovu? Kama ilikuwa nzima na mafundi walishaikagua, yote yale yalikuwa ya nini? Na sisi abiria tunaruhusiwa kuuliza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa hayo uliyoyaeleza, ndege yenu haikuwa mbovu. Ningekuwa nimeketi nyuma yenu asubuhi ile, ningetulia kabisa. Ninayemwogopa ni rubani anayefika, anarusha mabegi ndani, anawasha na kuondoka dakika kumi baadaye.

Nimerusha ndege ndogo katika nyanda hizi zaidi ya miaka ishirini: Songwe ya Mbeya, Nduli ya Iringa, Njombe kwenu, viwanja vya nyasi vya mashamba ya chai Mufindi, na Msembe kule ndani ya Ruaha ambako unapita kwanza kufukuza swala kabla ya kutua. Swali la mwenzako nimeulizwa mara nyingi, na lina mantiki yake. Fundi mwenye leseni huifungua ndege kila baada ya idadi fulani ya saa za kuruka, huitia sahihi, na kazi yake ni ya kuaminika. Lakini yeye anajibu swali la uzima wa ndege. Rubani anajibu swali jingine: ndege hii, asubuhi hii, na watu hawa na mizigo hii, kutoka kiwanja hiki, itapanda? Fundi hakuwepo usiku ndege ilipolala nje kwenye baridi ya Njombe. Hakujua kwamba mtakuwa watano na maboksi ya miwani.

Na jibu hilo lazima lipatikane ardhini. Injini ikizimika mkiwa mita 1,000 juu ya ardhi, ndege kama ile huteleza kilomita nane hivi kabla ya kugusa chini, kwa hiyo rubani ana dakika kadhaa za kujaribu kuiwasha, kutafuta shamba, kuita kwenye redio. Ikizimika mita 50 juu ya miti, ana sekunde. Kugeuza kurudi kiwanjani kwa kimo hicho kumeua marubani wengi na abiria wao, maana ndege iliyopungukiwa mwendo ikikatwa kona huacha kuelea na kuanguka kama jiwe. Tunafundishwa kutua mbele palipo mbele. Huko kwenu, mbele ni misitu ya misonobari na miwati, na mabonde.

Nianze na kile kiganja bawani, kwa sababu ndicho kilichonifurahisha zaidi katika barua yako.

Wewe ni wa Njombe, sakitu, ule umande unaoganda usiku wa baridi, unaijua. Umeiona ikiunguza viazi mwezi wa sita na wa saba, na ndugu zetu wa Makete wanaijua zaidi. Usiku ukiwa mkavu na usio na mawingu, bawa la bati linapoteza joto lake haraka kuliko hewa inayolizunguka, na kufikia alfajiri limevaa utando mweupe. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba mtu akisimama chini haoni chochote, hasa kwenye Cessna ambayo mabawa yake yako juu ya kichwa. Ndiyo maana alipanda ngazi, na ndiyo maana alitumia kiganja wala hakutegemea macho peke yake.

Uzito wa sakitu ni mdogo mno. Ubaya wake ni mkwaruzo. Bawa linainua ndege kwa sababu hewa inapita juu yake ikiwa imelishika vizuri mpaka ukingo wa nyuma. Likiwa na ukakasi kama wa msasa, hewa inabanduka mapema. Majaribio yaliyofanywa Marekani yanaonyesha kwamba ukakasi wa kiasi hicho unaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Ndege ya namna hiyo inaweza kunyanyuka futi chache, ikasaidiwa na hewa inayobanwa kati ya bawa na ardhi, halafu ikagoma kuendelea, na kiwanja kimekwisha. Marubani wengi waliojifunza pwani hawajawahi kuigusa sakitu maisha yao yote. Wakihamishiwa Njombe wanaambiwa habari za upepo na milima, na hili la sakitu husahauliwa. Huyo wenu hakusahau.

Sasa, kungoja jua nako kuna gharama yake, na hapo ndipo maboksi mawili yanapoingia.

Kiwanja cha Njombe kipo takriban futi 6,400 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,950. Songwe ni futi 4,400 hivi, Nduli futi 4,700 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Kuna hesabu tunayoifanya kila siku: kwa kimo cha Njombe, hewa ya kawaida ya vitabuni ingekuwa na nyuzijoto 2. Kila nyuzi moja inayozidi hapo ni kama kukiinua kiwanja futi 120. Saa tatu asubuhi, tuseme ni nyuzi 10, ndege inajiona iko futi 7,300. Saa sita mchana ikifika nyuzi 20, inajiona iko zaidi ya futi 8,500, yaani mita 2,600. Hicho ni kimo cha Kitulo. Umesimama Njombe, lakini injini na mabawa yanapumua hewa ya Kitulo.

Injini isiyo na kisukumizi cha hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Kwenye futi 8,500 robo ya nguvu imekwenda. Propela nayo inakamata hewa hafifu, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili libebe uzito uleule. Yote matatu yanakula kiwanja.

Mamlaka ya anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo kanuni rahisi za kukadiria, nami huzitumia kufundishia vijana kabla hawajafungua majedwali ya ndege yenyewe. Ongeza asilimia 10 ya umbali kwa kila futi 1,000 za kimo. Ongeza 10 kwa kila nyuzi 10 za joto la ziada. Nyasi kavu, ongeza 20. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unazidi kwa 20. Na haya yanazidishwa, hayajumlishwi. Chukua ndege inayohitaji mita 500 kuruka kando ya bahari kwenye lami, hali ya hewa ikiwa ya wastani. Ipeleke kwenye kiwanja chenye kimo cha Njombe: mita 920. Weka joto la mchana: karibu 1,100. Weka nyasi kavu: zaidi ya 1,300. Hapo hujazidisha hata kilo moja.

Maboksi ya miwani sijui yalikuwa na uzito gani. Yakiwa kilo 40 yote mawili, kwa Cessna 206, ambayo ndiyo nadhani mlipanda na ambayo nyingi zake haziruhusiwi kuruka zikizidi kilo 1,633, hiyo ni kama asilimia mbili na nusu. Inaonekana kidogo. Kwa hesabu ile ya juu inakupa mita sitini na zaidi za kiwanja, na mita sitini ndizo zinazotenganisha magurudumu na vilele vya misonobari. Kama yalikuwa nyuma kabisa ndiyo zaidi, maana mzigo wa mkiani unainua pua ya ndege, na pua iliyojiinua yenyewe wakati wa kuruka ni ugonjwa ambao usukani unaweza kushindwa kuutibu.

Kwa hiyo asubuhi ile rubani wenu alikuwa ameshikwa pande mbili. Akiruka saa moja, bawa lina sakitu. Akingoja mpaka saa tano, hewa imekuwa nyepesi. Akachagua katikati, sakitu ikiwa imeyeyuka na joto halijapanda, kisha akajiongezea nafasi kwa kushusha mzigo. Hakuwa anawanyanyasa na mizani. Nikuombe jambo, na uwaambie wenzako wa timu: mkipimwa, pimweni na kila kitu. Watu wetu wana kawaida ya kupimwa halafu ndugu anatokea na kiroba cha parachichi, "peleka kwa shangazi." Kiroba kile hakimo katika hesabu.

Mafuta nayo yana kisa changu mwenyewe. Ndege za aina yenu hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya buluu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiingia tangini yanatua chini, na chini ndiko kuliko na vali za kuchotea. Rubani anachota kidogo kila vali na kutazama kama kuna tone lisilo na rangi linalobingirika chini ya chupa. Analitazama kwenye mwanga, ananusa. Kunusa kuna maana: chupa ikiwa imejaa maji matupu, hakuna mstari wa kutenganisha, na mtu mwenye haraka huona kimiminika safi akaridhika. Ndiyo maana tunatafuta buluu, hatutafuti usafi. Pia kuna kosa la kujaza mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, kwenye injini ya petroli. Huo ni mkosi mkubwa, na harufu na rangi huutoboa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi nililaza ndege kwenye kiwanja cha shamba la chai Mufindi. Asubuhi, ukungu umetanda, chupa ya kwanza kutoka bawa la kushoto ilitoka na maji nusu. Ya pili, robo. Nilichota mara tisa mpaka buluu ikakaa yenyewe. Mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umechakaa na mvua ya usiku ilikuwa imepenya. Bosi wa safari alikuwa ameangalia saa yake mara tatu. Kinachonitia baridi mpaka leo ni kwamba injini ile ingewaka vizuri tu. Mafuta yaliyokuwa tayari ndani ya mabomba yalikuwa safi, yangetosha kuisogeza ndege mpaka mwisho wa kiwanja na kuanza kuruka. Kisha pua inapoinuka, maji yaliyolala chini ya tangi yanatiririka kwenye mdomo wa bomba. Injini inakufa ukiwa juu ya michai, na mbele kuna korongo.

Tangu siku ile nachota, nasubiri kidogo, nalitikisa bawa, nachota tena.

Ile ngurumo iliyokupasua moyo ina maelezo mafupi. Injini hiyo ina mifumo miwili ya cheche inayojitegemea, na kila silinda ina plagi mbili. Rubani anaipandisha injini mpaka mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika, anazima mfumo mmoja, anasikiliza, anaurudisha, anazima wa pili. Mlio kushuka mara mbili ndicho hasa alichokuwa anakitafuta. Kwenye Cessna nyingi mshuko usizidi mizunguko 150, na tofauti ya mifumo miwili isizidi 50. Ukizidi, anarudi maegeshoni. Na mlio usiposhuka hata kidogo, hapo pia kuna tatizo: huenda swichi haizimi kitu, na propela ya injini ya namna hiyo inaweza kuzunguka mtu akiigusa tu, hata ufunguo ukiwa umetolewa. Usiiegemee propela kamwe, hata ya ndege iliyolala. Katika vimo vyetu rubani pia hupunguza mafuta kwa kile kishikio chekundu mpaka yalingane na hewa hafifu. Aliyejifunza pwani kukisukuma chote mbele, akifanya hivyo Njombe, injini inavimbiwa mafuta na kupoteza nguvu ambazo tayari ni chache.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, labda hukuliona kwa kuwa ni la kimyakimya. Kabla ya kuruka rubani huzungusha usukani kulia na kushoto, huuvuta na kuusukuma mpaka mwisho, huku akitazama mabawa na mkia. Anahakikisha vinacheza bila kukwama, na vinakwenda upande sahihi. Ndege iliyotoka karakana juzi ndiyo inayohitaji hili zaidi, maana nyaya zikiunganishwa kinyume, ukielekeza kulia inakwenda kushoto, na utagundua ukiwa hewani.

Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 iliruka, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuungua. Rubani wake, Meja Ployer Hill, alikuwa mmoja wa wazoefu kuliko wote jeshini, naye alikufa pamoja na rubani wa majaribio wa Boeing, Leslie Tower. Ndege haikuwa na hitilafu. Kifungio kinachoshika mkia usipigwe na upepo ikiwa imeegeshwa hakikuwa kimefunguliwa. Kutokana na ajali hiyo marubani wa jeshi waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua, kitu ambacho mtu anakisoma hata kama anakijua kwa moyo. Utasema hayo ni ya zamani. Tarehe 31 Mei 2014, Bedford, Massachusetts, ndege ya kifahari aina ya Gulfstream ilijaribu kuruka kifungio kikiwa bado kimefungwa, na watu wote saba waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walifungua kumbukumbu za kompyuta yake wakakuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, asilimia 98 ya safari hizo zilianza bila marubani kufanya ukaguzi kamili wa usukani. Walikuwa marubani wenye uzoefu mkubwa, na uzoefu ndio uliowazoesha kuruka hatua.

Wewe muuguzi utalielewa hili kuliko abiria wengine, maana orodha hii imefika mpaka chumba chenu cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, ile ya kuuliza jina la mgonjwa, mahali pa kukata, aleji, idadi ya vitambaa, lilichagua hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapo chini ya milima ya Udzungwa. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari hawakufundishwa upasuaji mpya. Walisimama tu, wakauliza kwa sauti mambo waliyodhani wanayajua.

Mengine nayapitia haraka. Kuna kijibomba kidogo chini ya bawa kinachopima mwendo, na nyigu wetu wajenzi wa udongo hukipenda sana. Ndege ikikaa siku mbili bila kufunikwa kijibomba hicho, wanahamia. Februari 1996 ndege kubwa ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika ikiwa na watu 189, na wachunguzi waliona kwamba kilichoziba kijibomba chake huenda kilikuwa nyigu. Kuna matairi, oili, vifuniko vya tangi, kamba za kufungia ndege ambazo watu husahau kuzifungua.

Mnaruhusiwa kuuliza? Mnaruhusiwa, na rubani mzuri hufurahi. Ila chagueni wakati. Anapozunguka ndege na karatasi yake mkononi, msimsemeshe, wala msimletee simu ya bosi. Akikatizwa, inampasa arudi nyuma hatua kadhaa au aanze upya, na wengi hawarudi, wanaendelea pale wanapodhani waliachia. Mwacheni amalize, kisha ulizeni lolote.

Mimi ningeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa anayekaa mbele pembeni ya rubani: kiti changu kimeshika? Viti vya mbele vya Cessna vinateleza kwenye reli, na kisiposhika, ndege ikianza kukimbia kinarudi nyuma, mtu anadaka kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni usukani wa pili. Jitikise mbele na nyuma mpaka usikie pini imeingia.

La pili ni kwa wa nyuma. Cessna 206 nyingi zina mlango mpana wa vipande viwili upande wa kulia nyuma, na flapu za bawa, yaani vile vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua, zikiwa zimeshuka, kipande cha mbele kinagonga flapu na hakifunguki vizuri. Inabidi kukisukuma kile cha mbele kadiri kinavyokwenda, kisha kutafuta kishikio cha kipande cha nyuma na kukifungua nacho. Gizani, kwenye moshi au maji, hutalijua hilo kwa kubahatisha. Mwambie rubani akuonyeshe kwa vitendo, flapu zikiwa chini, kisha ukae wewe ufungue kwa mkono wako mara mbili kabla injini haijawashwa.